Samaki Hawahesabiwi kama Mbuzi

Kama unakaa pwani, huenda umewahi kumwona mtu akikaa dikoni na daftari, mizani na ubao wa kupimia. Chombo kikifika, mtu huyo husogea. Huuliza: Mmetoka saa ngapi? Mlikuwa watu wangapi? Mmevua wapi, na kwa zana gani? Kisha huomba apime samaki.

Mimi ni mmoja wa watu hao. Kwa miaka 19 nimekuwa mwandishi wa takwimu za samaki katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini, kati ya milango ya Mto Rufiji na Kilwa. Kabla ya hapo nilikuwa mvuvi wa mshipi, kama baba yangu.

Katika miaka hiyo yote nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko maswali mengine. Wavuvi husema: "Bwana takwimu, unatuhesabia samaki wetu ili iweje?" Swali hili ni la haki. Mtu aliyelowa tangu alfajiri ana haki ya kujua kwa nini anasimamishwa. Leo nataka kulijibu kwa urefu, ili na wewe ulijue jibu hata kama hujawahi kutia mguu katika dau.

BAHARI HAINA ZIZI

Mwenye mbuzi husimama jioni mlangoni pa zizi. Mbuzi huingia mmoja mmoja. Akikosekana hata mmoja, mwenyewe hujua, na huenda kumtafuta. Pia hujua majike ni wangapi, na wangapi wana mimba. Kwa hiyo anaweza kuamua: mwaka huu nitauza watano, nao wengine wataongezeka.

Samaki hawana zizi. Hatuwaoni. Wanahama, wanazaa mbali na macho yetu, na wanaliwa na wenzao. Lakini sisi tunawauza kila siku. Je, mtu anaweza kuuza kila siku kutoka katika zizi asiloliona, asijue wamebaki wangapi? Anaweza. Lakini siku moja atafungua mlango na kukuta zizi tupu.

Ndiyo maana ya kuchunguza samaki. Hatuwezi kuwahesabu wote kama mbuzi. Tunaweza kutafuta dalili zao, kama mganga anavyotafuta dalili za ugonjwa asiouona.

KUHESABU KWA SAUTI

Dalili ya kwanza hutafutwa kwa meli. Mwaka 1982 na 1983 meli ya utafiti kutoka Norway, iitwayo Dr. Fridtjof Nansen, ilizunguka katika maji ya Tanzania ikichunguza samaki. Mwaka 2018 meli mpya yenye jina hilohilo ilifika tena.

Meli ya namna hii huhesabu kwa sauti. Chini yake kuna chombo kinachopiga mlio kuelekea chini. Mlio huo unakwenda mpaka sakafu ya bahari, unagonga, unarudi kama mwangwi. Sauti ndani ya bahari husafiri kama meta 1,500 kwa sekunde moja. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya tano ya sekunde, umesafiri meta 300, yaani meta 150 kwenda na meta 150 kurudi. Basi kina cha mahali hapo ni meta 150.

Njiani mlio huo hugonga pia kundi la samaki. Mwangwi mdogo hurudi mapema zaidi, na mashine huonyesha kundi lilipo na ukubwa wake. Kisha meli hushusha wavu mahali hapo ili kujua ni samaki gani. Ni vibua? Ni dagaa? Ni ngisi?

Kazi hiyo ni nzuri, lakini ina mipaka. Meli kubwa haiwezi kuingia katika maji ya kina kifupi. Haiwezi kukokota wavu juu ya miamba, kwa sababu wavu utachanika. Haiwezi kupita katikati ya mikoko. Na huko ndiko wavuvi wengi wa vijiji wanakovua.

Tena, ndugu msomaji, usidhani kwamba bahari yote ina samaki sawasawa. Kutoka pwani, sakafu ya bahari huteremka polepole, halafu ghafla huzama kilindini. Sehemu ile ya kina kifupi ndiyo yenye miamba, nyasi za bahari na samaki wengi wa kitoweo chetu. Kwetu Tanzania sehemu hiyo ni nyembamba. Mahali pengi ni kilometa chache tu. Inapanuka kati ya bara na Unguja, na kati ya bara na Mafia, hata kufikia kama kilometa 60. Kwa hiyo shamba letu la bahari ni dogo kuliko linavyoonekana ukisimama ufukweni.

KAZI YA DIKONI

Basi dalili za miambani na mikokoni hutafutwa dikoni. Wataalamu wetu, kama wale wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, na wale wa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Unguja, huzamia pia. Hutandika tepu chini ya maji kando ya mwamba, huogelea polepole, huku wakihesabu samaki wa kila upande. Lakini hawawezi kuzamia kila mwamba kila siku. Mvuvi huenda kila siku. Kwa hiyo chombo chake kinaporudi, kinaleta pia habari.

Mimi sipimi kila samaki. Mpishi haonji sufuria zima ili kujua chumvi. Hukoroga vizuri, kisha huonja kijiko kimoja. Nami huchukua vyombo vichache kwa siku zilizopangwa. Lakini lazima nikoroge kwanza. Nikipima dau la nahodha hodari tu, nitadanganyika. Nikipima samaki wakubwa tu kwa sababu wanapendeza, nitadanganyika zaidi. Nachukua samaki kutoka tengani bila kuchagua.

Halafu nalinganisha kitu na mwenzake. Wewe mtu wa pwani unajua kwamba bamvua si sawa na maji mafu, na kaskazi si sawa na kusi. Wakati wa kusi upepo ni mkali na vyombo vidogo haviendi mbali. Mtu akilinganisha samaki wa kaskazi na samaki wa kusi, kisha akapiga kelele kwamba samaki wamekwisha, hajasema kitu. Bamvua la kaskazi la mwaka huu lilinganishwe na bamvua la kaskazi la mwaka jana.

HESABU YA MADAU

Sasa shika penseli, tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano tu.

Mwaka wa kwanza, diko lina madau 10. Kwa siku moja yameleta kilo 500. Kila dau limepata kilo ngapi? Gawa 500 kwa 10. Jibu ni kilo 50.

Baada ya miaka kadhaa, diko lina madau 25. Kwa siku moja yameleta kilo 750. Kila dau limepata kilo ngapi? Gawa 750 kwa 25. Jibu ni kilo 30.

Mtu anayetazama gari la barafu tu atafurahi. Atasema: "Samaki wameongezeka! Zamani kilo 500, leo kilo 750." Lakini mwenye dau analala na njaa zaidi kuliko zamani, kwa sababu kilo 50 zimekuwa 30.

Tuendelee. Zamani dau lilikaa baharini saa 5. Kilo 50 kwa saa 5 ni kilo 10 kila saa. Leo dau linakwenda mbali zaidi, linakaa saa 10. Kilo 30 kwa saa 10 ni kilo 3 kila saa. Umeona? Jasho limeongezeka na kitoweo kimepungua.

Hii ndiyo sababu nakuuliza umetoka saa ngapi na mlikuwa wangapi. Uzito peke yake ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni jasho lililotumika kuupata.

UREFU WA SAMAKI UNASEMA

Dalili nyingine ni urefu. Naweka samaki juu ya ubao, kichwa kikigusa kibao cha mwisho, nami nasoma sentimita mkiani.

Samaki wa sentimita 40 si sawa na samaki wawili wa sentimita 20. Samaki anaporefuka, anapanuka na kunenepa pia. Kwa hiyo mwenye urefu mara mbili huwa na uzito wa kama mara nane. Ukimvua akiwa na sentimita 20, umeuza sehemu moja ya nane ya kile ambacho angekuwa. Na jike mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko jike mdogo.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Chewa huanza maisha yake akiwa jike. Akikua sana, baadhi yao hugeuka kuwa dume. Kwa hiyo chewa wakubwa wakivuliwa wote, madume hupungua sana. Wanabaki majike wadogo, nayo mayai yao yanakosa wa kuyarutubisha.

Na umri je? Samaki ana vijiwe kichwani mwake, vinavyomsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Vijiwe hivyo hukua kwa tabaka, kama shina la mti. Mtaalamu hukata kijiwe, hukitazama kwa hadubini, na kuhesabu tabaka. Hivyo hujua samaki wa urefu fulani ameishi muda gani. Tasi hukua upesi na kuishi miaka michache. Chewa mkubwa anaweza kuwa ameishi miaka mingi. Ukimaliza tasi leo na kuwaacha wapumzike, huenda wakarudi mapema. Ukimaliza chewa wakubwa, mwanao ndiye atakayengoja.

KILA ZANA INA TABIA YAKE

Nauliza pia kuhusu zana, kwa sababu kila zana hukamata kwa namna yake.

Mshipi huchagua. Ndoana kubwa haimezwi na mdomo mdogo.

Dema hukamata samaki hai, kwa hiyo mdogo anaweza kurudishwa majini. Kule Kenya wataalamu na wavuvi wamejaribu madema yenye mwanya mwembamba ubavuni. Samaki wadogo na wembamba hupenya na kutoka, wanene hubaki. Hili ni jambo ambalo msukaji wa dema anaweza kulijaribu bila kununua kitu.

Jarife lina macho makubwa, nalo huwapata papa, taa na nguru. Lakini halijui kubagua. Kasa hunaswa humo, na nguva pia. Nguva ni wachache sana Tanzania, na waliobaki huonekana hasa katika maji haya yetu kati ya Rufiji na Kilwa. Mnyama huyu huvuta hewa kama sisi. Akinaswa chini ya maji, hufa.

Juya huvutwa na watu wengi mpaka ufukweni. Hukwangua nyasi za bahari, na hukusanya vitoto vya samaki pamoja na wakubwa. Sheria ya Tanzania Bara imelikataza. Kenya ililikataza mwaka 2001.

Baruti sina haja ya kuieleza sana. Ilikatazwa nchini tangu mwaka 1970, lakini iliendelea kulia kwa miaka mingi. Samaki wa baruti namtambua nikimshika: nyama imelegea na mifupa ya ndani imevunjika. Mlipuko mmoja huua samaki, mayai na mwamba kwa pamoja. Mwamba uliovunjika hivyo unaweza kukaa miaka mingi bila kupona.

KAMBA WA RUFIJI

Nikupe mfano wa karibu kuhusu faida ya kuchunguza. Mlangoni mwa Rufiji kuna msitu mkubwa wa mikoko na kamba wengi. Kamba huzaliwa baharini. Vitoto vyake vidogo huletwa na maji mpaka ndani ya mikoko. Humo hula na kujificha. Wakikua hutoka tena kwenda baharini kuzaa.

Kwa hiyo mwenye wavu mdogo ndani ya mto na mwenye meli ya kukokota wavu huko nje wanakula sahani moja. Kwa miaka mingi walilaumiana. Wavuvi wa vijiji walisema meli zinawachania nyavu, na kwamba zinatupa samaki wengine wengi waliokufa baada ya kuchagua kamba. Wenye meli nao waliwanyoshea kidole wavuvi wadogo.

Takwimu zilionyesha kwamba kamba waliokuwa wakipatikana walipungua sana. Kufikia mwaka 2008 serikali ilisimamisha meli za kukokota kamba, na zuio hilo likaendelea kwa miaka. Bila hesabu, ugomvi ule ungebaki ugomvi wa maneno. Mwenye sauti kubwa ndiye angeshinda.

YALIYOTOKEA KANADA

Sasa nikupeleke mbali kidogo, ili ujue kwamba hata nchi tajiri yenye meli kubwa za utafiti inaweza kupotea njia kama haimsikilizi mvuvi mdogo.

Mashariki ya Kanada kuna kisiwa kiitwacho Newfoundland. Kwa karne nyingi watu wake waliishi kwa samaki mmoja wa maji ya baridi, ambaye hukaushwa kwa chumvi na kuuzwa mbali. Meli kubwa za nchi nyingi zilipokuja, uvuvi ulipanda sana. Mwaka 1968 walivua zaidi ya tani 800,000 za samaki huyo. Mwaka 1977 Kanada ilitwaa mamlaka ya uvuvi mpaka maili 200 kutoka pwani. Meli za kigeni zikapungua, lakini meli kubwa za nyumbani zikachukua nafasi.

Katika miaka ya 1980 wataalamu walikadiria kwamba samaki ni wengi. Sababu moja ni kwamba meli kubwa ziliendelea kujaza matumbo yao. Zilikuwa na mashine za kutafuta makundi. Samaki walipopungua, waliobaki walijikusanya pamoja, na meli ziliwafuata palepale. Lakini wavuvi wa vyombo vidogo karibu na pwani walikuwa wakilalamika. Walisema samaki ni wachache, tena wadogo. Hawakusikilizwa kwa wakati.

Mwaka 1992 serikali ya Kanada iliufunga uvuvi huo. Watu kama 30,000 walipoteza kazi. Walidhani miaka miwili itatosha. Haikutosha. Ni mwaka 2024 tu ilipotangazwa kwamba uvuvi wa biashara utafunguliwa tena, na kwa kiasi kidogo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kufungwa alikuwa na umri wa miaka 32.

Kwa hiyo, ndugu yangu mvuvi, unaponiambia "siku hizi samaki wamepungua," maneno yako ni mali. Lakini maneno husahaulika. Yakiandikwa pamoja na kilo, saa na sentimita, hayawezi kupuuzwa kwa urahisi.

HOFU YA KODI

Najua wengi wananificha. Wanadhani daftari langu ni la kodi. Ushuru una karani wake na stakabadhi zake. Mimi sina stakabadhi, wala sishiki fedha ya mtu.

Lakini fikiri pia hasara ya kudanganya. Ukinitajia samaki wachache kuliko uliopata, daftari litasema bahari imechoka, na huenda ukafungiwa bila sababu. Ukijisifu kwa kutaja wengi, daftari litasema bahari imejaa. Kesho yake atakuja mgeni na meli, aambiwe: "Karibu, samaki wapo." Uongo wa pande zote mbili humrudia mvuvi mwenyewe.

Wako pia ambao zamani hawakuandikwa kabisa. Nao ni akina mama wanaochokoa pweza miambani maji yakitoka. Hawana chombo, kwa hiyo makarani wengi hawakuwaona. Leo nawaandika. Katika vijiji vya Songosongo, Mafia na Pemba watu wamewahi kufunga miamba ya pweza kwa miezi michache. Pweza hukua upesi sana, na maisha yake ni mafupi. Mwamba ukipumzika miezi mitatu hivi, anayechokolewa siku ya kufungua ni mzito kuliko yule wa zamani. Lakini utajuaje kama faida ni ya kweli, kama hukupima kabla ya kufunga?

SIKU YA JUYA

Nitakueleza jambo moja lililotokea kijijini kwetu. Kulikuwa na juya. Mwenye juya alikuwa mfanyabiashara asiyekaa kwetu. Wavutaji walikuwa vijana wetu, zaidi ya ishirini. Sheria ilikuwa imelikataza zamani. Lakini sheria ilikuwa katika karatasi, na juya lilikuwa majini.

Kikundi chetu cha kusimamia uvuvi, kile ambacho wengine hukiita BMU, kiliitisha mkutano wa kijiji. Niliombwa nisome daftari. Niliona kwamba tarakimu nyingi zingewachosha watu. Nikatandika jamvi. Upande mmoja nikapanga changu wa mshipi waliovuliwa asubuhi ile. Upande wa pili nikapanga changu wa juya. Wa kwanza walikuwa virefu kama mkono mpaka kiwiko. Wa pili walikuwa kama kidole. Nikasema: "Hawa ni samaki wale wale. Hawa wa kidole ni watoto wa wale."

Watu walinyamaza. Kisha mama mmoja mchuuzi akasimama. Alisema: "Bwana takwimu, nimeona. Lakini yule mkubwa ananunuliwa na gari la barafu. Mimi fedha yake sina. Huyu wa kidole ndiye ninayemkaanga, ndiye anayesomesha wanangu. Mkilifunga juya, mimi nikaange nini?"

Sikuwa na jibu rahisi, na sitajifanya nilikuwa nalo. Mama yule alikuwa anasema kweli. Samaki wadogo ni chakula cha maskini. Kijana mmoja naye akauliza: "Na sisi tunaovuta, tutakula daftari?"

Mkutano ulichukua siku mbili. Mwishoni watu walikubaliana juya liondoke. Walikubaliana pia kwamba dau zinazorudi zitoe fungu la kuuzia wachuuzi wa kijiji kwanza, kabla ya gari la barafu. Wazee wawili walijitolea kufundisha vijana kusuka dema. Baadhi ya vijana walijifunza. Wengine waliondoka kwenda Dar es Salaam. Msimu ule mama yule alikaanga mihogo zaidi kuliko samaki.

Sasa imepita misimu kadhaa. Katika daftari langu changu wa dema wameanza kurefuka. Si sana, na si kila mwezi. Mama yule amerudi kukaanga samaki, ingawa bado ananiambia kwamba bei imepanda. Naandika hayo yote. Daftari linaloandika mazuri tu halimsaidii mtu.

ANZENI DAFTARI LENU

Serikali haiwezi kuweka karani kila diko. Siku hizi baadhi yetu tunaandika kwa simu, na habari hufika mbali upesi. Lakini kijiji chochote chenye mtu anayejua kusoma na kuandika kinaweza kuanza na daftari la shule na penseli. Gawanyeni ukurasa kwa mistari, muandike mambo haya:

1. Tarehe, na kama ni bamvua au maji mafu.
2. Aina ya chombo, na idadi ya watu.
3. Zana iliyotumika.
4. Saa ya kutoka na saa ya kurudi.
5. Mahali walipovua.
6. Aina za samaki, na kilo za kila aina.
7. Urefu wa samaki kumi, waliochukuliwa bila kuchagua.

Msiandike "mtungo mmoja" au "tenga moja" peke yake. Mtungo wa leo si mtungo wa mwakani. Pimeni kwa mizani. Andikeni pia siku ambayo dau limerudi tupu, kwa maana sifuri nayo ni habari. Daftari likae mahali ambapo kila mtu anaweza kulisoma. Na mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kaskazi na mwisho wa kusi, lisomwe mbele ya kijiji kizima.

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani una nafasi katika kazi hii. Tarakimu ulizojifunza darasani zinatosha kugawa kilo kwa saa. Baba zetu waliijua bahari kwa kichwa, na elimu yao ilikuwa kubwa. Lakini walipokufa, waliondoka na hesabu zao. Nimewatafuta wazee waniambie changu wa mwaka 1960 alikuwa na urefu gani. Kila mmoja amenyoosha mkono wake, na kila mkono ni tofauti.

Wajukuu zetu wasilazimike kupima kwa mikono yetu. Tuwaachie daftari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu vyombo vya uvuvi vimeongezeka au vimepungua? Kila chombo kinapata kilo ngapi?
2. Zana gani hapo kwenu hukamata samaki wachanga? Nani hufaidika nao, na nani hupata hasara?
3. Zana mbaya ikiondolewa, wavutaji wake na wachuuzi wadogo wasaidiweje?
4. Nani kijijini kwenu anaweza kuanza daftari mwezi huu?